Saa Saba Mchana Tunageuka

Ukikuta kundi la watu wa Dar es Salaam wamesimama kando ya barabara ya Morningside, juu ya mji wa Morogoro, mikono kiunoni, wanahema, na saa mbili asubuhi haijagonga, jua kuna mtu aliwaambia kwamba huko juu "ni kilomita chache tu". Hakuwadanganya. Kilomita ni chache kweli. Ila Milima ya Uluguru haipimwi kwa urefu wa njia. Inapimwa kwa mita za kwenda juu, na hizo ndizo watu husahau kuziuliza.

Mji wa Morogoro uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Bondwa, kile kilele chenye minara ya mawasiliano unachokiona ukiwa stendi, kiko mita 2,100 na ushee. Mtu anayeanza mjini kwa miguu anajitwisha mita 1,600 za kupanda kwa siku moja. Ili ujue ukubwa wa jambo lenyewe: wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku ya kwanza, kutoka getini hadi vibanda vya Mandara, hupandisha mita 800 na kitu, kisha wanalala. Yaani Bondwa kutokea mjini ni siku ya kwanza ya Kilimanjaro mara mbili, halafu unatakiwa ushuke yote siku hiyohiyo. Nikiwaambia wenzangu hivyo, ndipo wanaacha kuniuliza kama tunaweza kuanza saa nne baada ya supu.

Mimi nimekulia Kilakala, chini kabisa ya milima hiyo, na kwa kuwa ofisini wanalijua hilo, kipupwe kikifika mimi ndiye ninayeambiwa "dada, tupange mlima". Wanachotaka kinaeleweka: safari ya kati. Wasitembezwe kama watoto wa chekechea, wala wasirudishwe kwa machela. Asubuhi wapande, waone msitu, jioni wawe mjini wanakula nyama choma. Safari ya namna hiyo inawezekana kabisa, na imetufaa miaka kadhaa sasa, lakini haiji yenyewe. Inapangwa, na mimi huipanga kuanzia mwisho.

Kuanzia mwisho maana yake naanza na giza. Morogoro jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika chache jioni, kutegemea mwezi. Sisi wa karibu na ikweta tunajua kwamba likishazama halina ubembelezaji. Nusu saa haiishi, unatafuta tochi. Ndani ya msitu giza hutangulia hata hilo jua lenyewe, kwa sababu mwanga unaofika chini ya miti ni wa kuokoteza. Kwa hiyo nataka mtu wa mwisho awe ametoka msituni saa kumi jioni, na awe barabarani saa kumi na moja. Nikirudi nyuma kutoka hapo, nikiweka muda wa kushuka, muda wa mtu mmoja kuumwa goti, na muda wa wale wasiopita ua bila kulipiga picha, naangukia saa saba mchana. Saa saba tunageuka, popote tulipo. Hilo naliandika kwenye ujumbe wa kwanza kabisa wa kundi, kabla ya mchango, kabla ya nauli, ili asiyekubaliana nalo ajitoe mapema bila ugomvi.

Kuna kanuni ya zamani ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia yetu kutoka mjini ni kilomita kumi. Hizo ni saa mbili. Mita 1,600 zinaongeza saa mbili na dakika arobaini. Jumla saa nne na dakika arobaini, na Naismith alikuwa akiwafikiria watu wenye mwili wa mazoezi, kwenye hali nzuri ya hewa, bila kupumzika. Watu wangu wanakaa kwenye kiti tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Mimi huongeza nusu ya hesabu yake, na nusu hiyo haijawahi kubaki. Tunapata saa saba za kupanda. Ukianza saa kumi na mbili alfajiri, unafika kileleni saa saba mchana, huna nguvu, huna maji, na mlima wote uko chini yako unakusubiri.

Ndiyo maana tunakata kipande cha chini. Tunachukua bodaboda, au gari lenye uwezo kama lipo, tunapandishwa barabara ya vumbi na mawe hadi usawa wa Morningside, palipo na ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, kisha tunaanza kutembea tukiwa bado na pumzi. Wapo wanaosema huko ni kuchakachua. Mimi sioni. Hakuna anayekuja kutoka Dar kuona vumbi la barabara ya gari. Wanakuja kuona msitu, na msitu uko juu. Nguvu ya mtu ni ileile moja, na ni juu yako kuamua utaitumia wapi. Ila bei ya bodaboda patana nayo mjini, si juu, na mwambie dereva mapema kwamba kwenye kona za makorongo hutaki mashindano.

Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro katikati ya mwaka 2024, safari yenyewe ikawa chini ya saa mbili, na papo hapo wakazaliwa wataalamu wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Hesabu yao inavutia kwenye simu. Lakini treni ikufikishe, utoke stesheni, ambayo haiko katikati ya mji, utafute usafiri, ule, ulipie kibali, mwongozaji afike, na jua limeshakaa utosini. Sisi tunakwenda Ijumaa jioni, tunalala nyumba ya wageni ya kawaida, na saa kumi na mbili asubuhi tuko njiani. Gharama ya chumba naihesabu kama sehemu ya kibali cha kupanda.

Kibali chenyewe hakina makuu. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, na msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unatembea na risiti. Raia analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho kisisahaulike. Fanya Ijumaa, maana Jumamosi alfajiri hutampata mtu ofisini.

Majira nayo yana maneno yake. Masika, Machi hadi Mei, mimi siendi na kundi, na nikisikia mtu anakwenda namwombea tu. Udongo wa pale ni mwekundu, wa mfinyanzi, na ukilowa kila hatua ni majadiliano. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yetu: ubaridi wa kutembea, njia kavu, anga safi asubuhi. Asubuhi, nasema. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu unagonga milima hii, unalazimika kupanda, unapoa, na ule unyevu unakuwa wingu. Upande wa mashariki, kule Kinole na Matombo, mvua ni nyingi kuliko upande wa mjini, na hata kiangazi ukungu unaweza kuvuka mgongo wa mlima ukaja kwetu kabla ya adhuhuri. Atakayefika juu saa sita mchana akitegemea kuuona mji chini yake aje na akiba ya subira.

Kipupwe kina adui mmoja ambaye watu wa mjini hawamjui: upupu. Kwenye vichaka vya kando ya mashamba, maganda yake hukauka miezi hiyohiyo, na yale manyoya yake yakikugusa shingoni utavua shati mbele ya wakubwa wako. Wenyeji wanaujua kwa mbali. Mgeni anaushika kwa mkono akidhani ni maharage yenye manyoya ya kupendeza. Mikono mirefu, suruali ndefu, na usishike usichokijua. Ukipatwa, usijikune wala usijifute kwa kiganja. Wenyeji wanapaka majivu au udongo mkavu na kukung'uta, na kwa nilivyoona inasaidia zaidi ya kujimwagia maji ya chupa ukapiga kelele.

Sasa watu. Hapa ndipo safari nyingi zinapofia, na hakuna raba ya gharama inayoweza kuziokoa. Kundi la watu kumi na wawili ni kubwa mno kwa njia nyembamba. Tukizidi wanane natafuta mwongozaji wa pili. Kabla ya safari namtafuta kila mmoja pembeni, si kwenye kundi la simu, namuuliza: pumu? presha? goti? una ujauzito? unatumia dawa gani? Kwenye kundi kila mtu ni mzima. Pembeni ndipo dada wa mapokezi akaniambia ana pumu, na dawa yake ya kuvuta huwa anaiacha nyumbani kwa aibu. Tulikubaliana ikae mfuko wa juu wa begi langu, na hakuna mwingine aliyejua mpaka leo, labda asome hapa.

Dar haina mlima wa kujipimia, ila ina ngazi. Ukikata kipande cha chini na bodaboda, bado unabakiwa na mita mia kadhaa za kupanda. Ukiweka mita 900 ili usijidanganye, na ghorofa moja ni kama mita tatu, hizo ni ghorofa 300. Hakuna anayekuambia uzipande zote kwa siku. Lakini mtu aliyeacha lifti kwa mwezi mzima anajulikana mlimani, na aliyekuwa "anafanya mazoezi kimoyomoyo" naye anajulikana. Na si kupanda tu. Washuke nazo pia, kwa sababu misuli ya mapaja inayokushikilia kwenye mteremko ndiyo inayokuja kulalamika Jumatatu.

Mlimani mwenye mwendo wa polepole ndiye anayetangulia, nyuma ya mwongozaji. Wengi hushangaa, maana mazoea ni kumwacha nyuma na mtu wa kumhurumia. Ukimwacha nyuma, wenye kasi wanakwenda, wanakaa kumsubiri, wanapumzika. Yeye akifika tu wanasimama na kuondoka. Waliokwisha kupumzika wanapumzika tena, na mwenye kuhitaji pumziko halipati hata mara moja. Akiwa mbele, anatembea mwendo wake bila kusukumwa, na wale vijana wenye kasi wanajifunza kuangalia miti. Nyuma kabisa namweka mtu mmoja mtulivu, mwenye filimbi, ambaye kazi yake ni kutomruhusu yeyote awe nyuma yake, hata wa kujisaidia.

Begini sitaki mambo mengi. Maji lita mbili kwa kila mtu, na vidonge vya kutibu maji kwa atakayejaza kwenye kijito. Kijito kinaweza kuwa cheupe kama kilivyo, na juu yake kuna shamba na choo. Mihogo ya kuchemsha, mayai, karanga, ndizi mbivu, kashata. Chipsi zikipoa zinakuwa adhabu. Pakiti za ORS, plasta, bandeji ya kuvuta, dawa ya maumivu. Tochi, hata kama tunarudi mchana. Simu yenye ramani uliyoipakua ukiwa na mtandao, maana ajabu ya Bondwa ni kwamba kileleni mtandao umejaa kwa sababu ya ile minara, lakini kwenye mabonde yaliyo chini yake simu inageuka kuwa saa tu.

Kwenye nguo nabishana na watu kila mwaka. Fulana ya pamba ni nzuri Kariakoo. Mlimani inakunywa jasho, inabaki imelowa, na ukiingia kwenye ukungu inakuganda mgongoni. Hewa hupoa kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mjini ikiwa nyuzi 28, kileleni ni kama 18 au 19, na 18 ukiwa umelowa na upepo unapita si hali ya kupiga picha na kaptura. Jezi ya mpira inayokauka haraka inatosha kabisa, hakuna haja ya duka la vifaa vya milima. Sweta jepesi likae ndani ya mfuko wa nailoni, na koti la mvua juu yake. Raba ziwe zenye meno chini, ziwe zimeshavaliwa, na kucha za miguu zikatwe siku mbili kabla, kwa sababu kwenye kushuka vidole ndivyo vinavyogonga mbele ya kiatu. Mwongozaji wetu, mtu mzima anayeweza kuwa baba yetu, anapanda na katambuga za tairi. Usimuige. Miguu yake imesoma njia ile tangu akiwa mtoto.

Safari ninayoikumbuka kwa karibu ni ya Septemba moja. Tulianza kutembea kabla ya saa moja na nusu, ubaridi bado umekaa kwenye majani. Kwenye kona moja tukapishana na bibi mmoja anashuka kwenda sokoni, ana tenga la karoti na majani ya vitunguu kichwani, mkono mmoja ameshika kanga, mwingine hauna kazi. Miguu pekupeku. Sisi tulikuwa tumejipanga mstari na fimbo zetu, na mmoja alikuwa tayari ameshakaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mnakwenda kwa nani huko?"

"Hatuendi kwa mtu bibi, tunapanda tu mlima, tunarudi."

Akasimama, tenga halikutikisika. Akatuangalia mmoja mmoja hadi viatu. "Mnapanda mkiwa hamna mzigo, na mnashuka hamna mzigo?" Akacheka hadi akashika ukingo wa tenga. "Haya, Mungu awatangulie. Kaeni upande wa ndani, huko mbele pameporomoka." Akaenda zake. Na kweli, mbele njia ilikuwa imeliwa upande wa bondeni, upana wa nusu mita hivi, nyasi zimefunika pengo. Mwongozaji alikuwa analijua, lakini mimi tangu siku ile kila anayeshuka na mzigo namsalimia vizuri na namuuliza hali ya njia. Habari zao ni za asubuhi hiyohiyo.

Mashamba yanakwenda juu kuliko unavyotegemea. Mahindi, maharage, migomba, vipande vya mboga kwenye mteremko ambao wewe unaupanda kwa mikono. Miaka ya hamsini serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko hii kwa jina la kuhifadhi udongo, kazi ngumu isiyolipwa, na mwaka 1955 watu wa Matombo wakagoma kwa vurugu hadi mpango ukavunjwa. Nilikuwa nawasimulia hayo tukipumzika, na mwongozaji akasikiliza kwa adabu, kisha akaongeza kitu kimoja tu: tuta lile likilowa katikati, linateremka lote kwa pamoja, na waliokuwa wanalima walilijua hilo kabla ya bwana shamba.

Halafu mashamba yanakatika. Hakuna ukuta, hakuna geti, unapita tu kutoka kwenye jua na kuingia kwenye ubaridi, na sauti za mji, pikipiki na muziki wa sherehe uliokuwa unakufuata tangu chini, zinazimika. Miti imevaa kuvumwani hadi kwenye matawi. Kuna kangaga zenye mashina marefu kumzidi mtu. Mbega wakiwapo utaona mkia mweupe kabla hujamwona mwenyewe. Kuna aina ya chozi, yule ndege mdogo wa kunyonya maua, ambaye duniani kote anaishi Uluguru tu; mtu anapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumwona, na sisi tuko naye nauli ya treni. Ardhi yenyewe ni ya kukanyagia kama godoro, majani ya miaka mingi yaliyooza, na ukibonyeza kiganja maji yanatokeza. Maji hayo ndiyo yanayokwenda Ruvu, na Ruvu ndiyo Dar es Salaam inayokunywa na kuoga. Niliwaambia hivyo, na kijana mmoja wa idara ya kompyuta akaenda kukigusa kijito kwa vidole, akasema, "Kwa hiyo bili yangu inaanzia hapa."

Siafu walitupata pale pale kwenye kijito. Unatakiwa kuangalia chini kabla ya kusimama, kila mara, na ukiona utepe mweusi unaotembea unauruka bila mjadala. Waliosimama juu yake walicheza ngoma ambayo haijawahi kuonekana ofisini. Kwa nyoka sheria ni hiyohiyo ya macho: usitie mkono au mguu mahali usipopaona, na mtu akiumwa hakatwi wembe wala kufyonzwa sumu, anatulizwa, kiungo kinafungwa na mti kisitikisike, na anapelekwa hospitali.

Saa saba ilitukuta chini ya mgongo wa mwisho. Ukungu ulikuwa umekuja tangu saa tano na nusu, ukifunguka na kufunga, na ulipofunguka mnara tuliuona, karibu kabisa, unaweza kuhesabu vyuma vyake. Nikasema, "Jamani, saa saba."

Yule kijana wa kompyuta hakuamini. "Dada, dakika ishirini tu. Mnara ule pale."

"Naona."

"Sasa?"

Mwongozaji hakusema neno. Alikuwa ameshageuza begi lake na kukaa akitazama tulikotoka, anakunja suruali. Dada wa mapokezi alikuwa anapumua vizuri, ila mguu wa mhasibu wetu ulikuwa umeanza kuburuza, na hilo nililiona kwenye mizizi mara kadhaa. Dakika ishirini za kijana zilikuwa dakika arobaini za mhasibu, na arobaini nyingine za kurudi hapo tulipo, na picha. Tukala mayai tukiwa tumesimama, tukashuka.

Ningependa kukuambia kwamba mvua kubwa ilinyesha baadaye, na kila mtu akanishukuru. Haikunyesha. Saa kumi kasoro tulikuwa nje ya msitu, jua linawaka, mhasibu anashuka kinyumenyume kwa sababu ya magoti, na kijana ananung'unika hadi barabarani. Mwezi uliofuata akarudi na marafiki zake, wakafika kileleni, akanitumia picha: watu watatu ndani ya weupe mtupu, hata mnara hauonekani. Chini ameandika, "Nimefika." Nikamjibu hongera, na nilimaanisha. Lakini ratiba yangu haikubadilika.

Kushuka kunastahili mpango wake, ingawa watu hukuchukulia kama zawadi. Fupisha hatua. Magoti yasinyooke kabisa. Fimbo itangulie chini kabla ya mguu. Usikanyage mzizi ulioteleza, kanyaga nyuma yake. Na mwenye magoti mabovu asione haya kwenda upande upande kama kaa wa pwani. Kijia kina upana wa kutosha. Bodaboda za kurudi mjini tunaziita tukiwa ukingoni mwa mashamba, mtandao ukisharudi, ili zitukute Morningside hatujapoa.

Jumapili asubuhi tunapita Soko Kuu la Chifu Kingalu kununua karoti, njegere na stroberi kabla ya treni, na huko ndiko ninakokusanya maoni ya safari, maana mtu anayeteremka ngazi kwa kushikilia ukuta hawezi kukudanganya.

Mwaka huu wanataka Lupanga, kilele jirani, kinacholingana na Bondwa kwa urefu lakini mteremko wake ni mkali zaidi na msitu unakusindikiza hadi juu kabisa, kiasi kwamba hata ukifika miti inakuzibia mandhari. Nimeshawaambia hilo, wanasema hawajali. Kwa hiyo tumepanga hivi: Julai, watu sita tu, waongozaji wawili, ngazi za ofisini kuanzia Mei, kuondoka nyumba ya wageni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kijana wa kompyuta ameomba saa ya kugeuka iwe saa nane. Nimempa saa sita na nusu.